Maji Aliyoyajaza Kibwana

Shomari alikuwa bado ana pilau mdomoni alipotoa ahadi ile. Ilikuwa arobaini ya kaka yake Kibwana, khitma imeshasomwa, masinia yanakusanywa, na wanaume wamekaa kwenye mkeka uwani kwa marehemu, pale Mikumi, wanaangalia bwawa la kuogelea. Bwawa lenyewe dogo. Kibwana alilichimba kwa jembe na sururu baada ya kutunza bwawa la hoteli moja ya watalii kwa miaka mingi, akalisakafia, akalipaka rangi ya bluu. Jumamosi na sikukuu watoto wa mji walilipa kidogo wakaogelea, na kwa hicho kidogo yeye na mkewe Joha walikula. Sasa maji yalikuwa yameanza kugeuka kijani, maana wakati wa tanga hakuna aliyekumbuka kuwasha pampu.

"Na hili nalo mnaliita bwawa," Shomari alisema. "Bwawa gani halina hata perege mmoja? Njooni Kilangali mwone bwawa langu. Maji yamekolea kijani, unatia mkono mpaka kiwiko, vidole huvioni. Hapo ndipo samaki ananenepa."

Wanaume wakacheka. Mzee Mshamu, baba yao mkubwa, hakucheka. Aliuliza lile ambalo kila mtu alikuwa nalo moyoni, kwamba nyumba itakuwaje. Kibwana na Joha hawakujaliwa mtoto, na kwa baadhi ya watu mjane asiye na mtoto ni mgeni aliyesahau kuaga.

"Mimi si mtu mbaya, Baba Mkubwa," alisema Shomari, na mtu akianza hivyo, ujue neno linalokuja. "Siku akitoka eda, tukikuta bwawa safi, abaki na nyumba yake aendeshe, sitamgusa. Tukikuta limeoza, tunauza, kila mtu achukue chake. Nimesema mbele yenu wote."

Joha alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na neno hata moja halikumpita. Shemeji hakumuuliza kitu. Aliomba tu apewe soda nyingine.

*

Tangu mazishi, Yusrah, dada yao Kibwana na Shomari, alikuwa akiishi pale. Alikuja kutoka Kilosa na begi moja, akasema amekuja kumliwaza wifi yake. Ukweli ni kwamba alikuwa ameachwa na mume, hana pa kulala zaidi ya ukumbi wa Shomari, na Shomari alikuwa amemwahidi kwamba nyumba ya Mikumi ikiuzwa atamjengea chumba chake mwenyewe. Mtu aliyeahidiwa chumba ana macho makali. Yusrah alijua Joha anaamka saa ngapi, anakula nini, na analia kiasi gani. Akilia sana, Yusrah alisema anajionyesha. Asipolia, alisema kwa kejeli, basi huyo ndiye aliyekuwa mke.

Joha aliamua kulipigania bwawa. Kutoka nje ya ua hakuruhusiwa, lakini uani ni kwake. Alikuwa amemtazama Kibwana mara nyingi, kwa hiyo alijua mpango: unasugua kuta na sakafu kwa brashi ya mti mrefu mpaka ukoga uachie, unawasha pampu, unaosha chujio, na jioni jua likishuka unamwaga klorini, kwa sababu jua linakula dawa. Ukoga ukifa unazama chini kama unga, nawe unaunyonya kwa bomba. Kibwana alikuwa akisema bwawa halitaki nguvu, linataka mtu asiyechoka.

Klorini alimletea Naanyu, mama wa Kimasai aliyekuwa akiwauzia maziwa tangu zamani. Joha alimpa hela, naye akaenda dukani. Ndoo ilikuwa nzito, kwa hiyo mumewe Lenku akaibeba hadi getini, akaiweka chini, akaondoka bila hata kuchungulia ndani. Hiyo tu. Lakini kufika jioni Yusrah alikuwa ameshapiga simu Kilosa kusema kuna mwanamume kaleta mzigo kwa mwenye eda.

Naanyu mwenyewe Yusrah hakumtaka. Alimtengea kikombe chake, akakitundika kwenye msumari nje, karibu na ndoo ya makombo ya nguruwe wa jirani. "Ng'ombe zao zimemaliza mpunga wa kaka yangu kule Tindiga," alisema, "halafu waje wanywe chai humu ndani?" Naanyu alikichukua kikombe msumarini, akanywa, akakirudisha palepale. Joha aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

*

"Wifi, unanuka," Yusrah alisema asubuhi moja.

"Nanuka nini?"

"Unanuka hoteli."

"Ni klorini, wifi. Jana nilimwaga dawa."

"Mwenye eda hajitii manukato."

"Klorini ni manukato?"

"Harufu ni harufu. Mimi sikukufundisha dini, ulikuja nayo kutoka kwenu." Yusrah alimkagua kuanzia kichwani. Kaniki ya eda aliyovaa Joha ilikuwa na madoa, meupe kwa mekundu, kwenye mikono na mapajani, pale brashi ilipokuwa ikimdondoshea maji. "Na hayo?"

"Dawa inachuja rangi. Brashi inadondosha."

"Inadondosha mpaka mapajani," Yusrah alisema, akaenda zake jikoni akicheka kwa pua.

Joha alisimama pale na brashi yake. Alijua cheko lile linakwenda wapi. Alitamani amrushie kitu. Badala yake aliendelea kusugua, maana maji yalikuwa yameanza kumsikiliza: ule ukijani ulipauka, ukawa rangi ya maziwa, na siku ya Alhamisi aliona kwa mara ya kwanza ile mistari miwili ambayo Kibwana aliichora sakafuni ili watoto washindane kuogelea. Alikaa ukingoni akaiangalia. Alilia, na kwa bahati Yusrah alikuwa msalani, hakuna aliyempigia hesabu.

Ijumaa ikafika. Shomari alikuwa akija kila Ijumaa na kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, akitokea shambani Tindiga. Akipiga honi tu, Joha aliingia chumbani na kufunga mlango, kwa sababu shemeji si maharimu wake na eda ni eda. Hakutoka mpaka gari liondoke. Shomari alilijua hilo vizuri.

Siku zote alikuja na mifuko mitupu ya mbolea, ile ambayo watu wanaiita salfeti. Aliibwaga kando ya bwawa, kwenye kona ya mbali, nyuma ya pampu.

"Nioshee hizi, nitabebea mpunga," alimwambia Yusrah. "Usioshee bombani, mita inakimbia. Oshea humo humo bwawani, maji yenyewe yameshaharibika. Na uzikung'ute vizuri, zote ndani."

"Nyingine zina mabonge chini, kaka."

"Si ndiyo maana nasema ukung'ute."

Yusrah alichutama akazichovya moja moja, akazisugua, akazikung'uta, huku kaka yake ameketi kwenye kiti cha plastiki anakunywa chai na kumsimulia habari za chumba, kwamba dirisha litatazama barabarani. Dawa ilikuwa bado kali siku hiyo, mikono ikamwasha. Hakuuliza kitu. Kufika Jumapili bwawa lilikuwa kijani tena, kijani cha mchicha.

Ikawa hivyo wiki nenda wiki rudi. Joha alisugua, alimwaga, alinyonya, maji yakapauka, halafu yakageuka. Aliongeza dawa mpaka akauza bangili zake. Akaanza kuogopa. Yusrah alimwambia mchana kweupe kwamba marehemu hataki, kwamba maji yamemkataa, na Joha, ambaye hakuwa mtu wa mambo hayo, alijikuta siku moja ameinama ukingoni anamuuliza Kibwana kama ni kweli.

*

Naanyu ndiye aliyeona. Alikuwa amekuja na maziwa, Yusrah kaenda sokoni, na Joha alimwingiza ndani ya ua, akamketisha kwenye kiti na kumpa chai kwa kikombe cha nyumbani.

"Hayo maji mwaga, mama," Naanyu alisema. "Mwaga yote, ujaze mengine."

"Siwezi."

"Kwa sababu ya bili?"

"Bili nayo ipo." Joha alisita. "Maji haya aliyajaza Kibwana. Alijaza, akaumwa, akafa. Nikiyamwaga sitakuwa na kitu alichokigusa mwisho."

Naanyu hakubishana naye. Aliizungusha chai yake kikombeni, macho yake yakitembea uani. Kilikuwa kiangazi, ua mzima ulikuwa vumbi, ila kona ile nyuma ya pampu.

"Pale mmepanda nini?"

"Hakuna kitu pale."

"Kuna majani. Angalia. Huku kote kumekauka, pale majani yananifika gotini na ni meusi kwa kushiba. Ng'ombe wangu akiona, anavunja ukuta." Aliinuka, akaenda, akachuma moja na kulivunja kwa kucha. "Majani hayashibi hivi kwa maji tu, mama. Hapa mtu anayalisha."

Joha alimfuata. Kwenye sakafu ya ukingo, katika ufa, kulikuwa na vipunje vyeupe vilivyoganda. Alichukua kimoja akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akatema. Alikulia Kilosa, kwa wakulima, na hakuhitaji kuambiwa mbolea ina ladha gani. Halafu akakumbuka sauti ya Shomari siku ya arobaini, na vile vidole visivyoonekana.

Hasira aliyoisikia ilimtisha. Naanyu akamuuliza kama amwite Lenku waende kwa mwenyekiti wa kitongoji.

"Watasema ni mwanamume wa getini," Joha alisema. "Acha. Eda imebaki kidogo. Nitasema mbele yao wote, wakiwa wameketi."

*

Siku ya kutoka eda walikuja asubuhi. Bi Sikudhani, shangazi wa marehemu, alitoka Kilosa na nguo mpya nyeupe na udi wa kumfukizia mjane baada ya kumwogesha. Mzee Mshamu aliketi mkekani. Shomari aliegesha kirikuu chini kidogo, karibu na geti, akaja na mtu mmoja mnene asiyemtambulisha, ambaye alianza kupima ua kwa hatua. Bwawa lilikuwa kijani kiasi kwamba jani lililoanguka juu yake halikuonekana vizuri.

"Shikamoo shangazi," Joha alisema.

"Marahaba mwanangu. Pole. Leo unapumzika." Bi Sikudhani alimshika mkono ampeleke bafuni.

"Asiogeshwe kwanza," Yusrah alisema.

Alilisema kwa sauti, ili mkekani wasikie. Akamvuta Joha kwa pindo la kaniki mpaka mbele ya wanaume, akaitandaza ile nguo mapajani mwake kana kwamba anauza kitambaa. "Mnaona madoa haya? Hii ni dawa ya bwawa. Mwenye eda alikuwa anaingia majini kuoga, mume hajaoza kaburini. Na mwenzake wa kuoga naye tunamjua, analeta ndoo mpaka getini."

Yule mtu mnene aliacha kupima akasogea kusikiliza. Mzee Mshamu aliinamisha kichwa, na Shomari akatikisa chake kwa huzuni aliyokuwa ameiandaa tangu Kilosa.

"Mimi nilikuwa nanyamaza," Shomari alisema. "Nilijua, nikanyamaza, kwa heshima ya kaka."

Bi Sikudhani alikuwa mkunga zamani, na macho yake hayakuwa ya kuambiwa angalia hapa. Aliyaangalia madoa ya Joha. Kisha akaangalia mkono uliokuwa umeishika ile kaniki. Yusrah alikuwa amevaa dera lake la bluu iliyokolea, la kila siku, na kwenye mikono hadi viwikoni dera lile lilikuwa na madoa yaleyale. Magotini pia.

"Na wewe ulikuwa unaoga na nani?" Bi Sikudhani aliuliza.

Yusrah alilitazama dera lake. Ilikuwa wazi kwamba hajawahi kuliangalia. "Mimi sikuoga, shangazi. Mimi nilikuwa naosha salfeti."

"Salfeti za nini?"

"Za mbolea. Za kaka. Kila Ijumaa alikuwa—"

"Yusrah, nyamaza," alisema Shomari.

"Si wewe uliniambia? Uliniambia nizioshee humo, bombani mita inakimbia."

"Mifuko mitupu, Baba Mkubwa," Shomari alisema akimgeukia mzee. "Vumbi tu. Vumbi la mbolea litafanya nini bwawa zima? Huyu dada yangu hana akili, nimemfadhili, nimemwahidi chumba, leo ananipanulia mdomo."

Ndipo Joha akasema. Hakuwa amesema na shemeji yake ana kwa ana tangu mazishi. Alimuuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujifunza.

"Shemeji, kule Kilangali, ili maji yakolee mpaka vidole visionekane, unatia kiasi gani?"

Kuna maswali ambayo mtu anayapenda kuliko nafsi yake. Shomari alikuwa amelijibu hilo kwenye vijiwe vyote vya Kilosa, na ulimi ukatangulia.

"Wala si nyingi, unakung'uta mfuko mmoja tu kila wi—"

Alinyamaza, lakini lilikuwa limeshatoka. Mzee Mshamu alifunga macho. Yule mtu mnene alitazama saa yake, akasema atapiga simu, akatoka getini. Yusrah alikuwa bado ameishika kaniki ya wifi yake. Aliiachia polepole, akaangalia mikono yake mwenyewe, iliyokuwa imebabuka ngozi kwa wiki zote zile bila mtu kumpa hata mafuta.

"Basi tuseme hivyo," Shomari alisema, na sasa hakujaribu tena kuwa mtu mwema. "Nilisema nini siku ya arobaini? Nilisema akitoka eda tukute bwawa safi. Ametoka. Hilo ni safi? Aliyechafua ni nani, sikulisema. Neno langu liko palepale."

Wote wakamtazama mzee. Mzee Mshamu alikuwa mtu wa kuogopa magomvi, maisha yake yote alikuwa amepona kwa kuahirisha. Alitafuta mlango wa kutokea, akaupata.

"Siku haijaisha," alisema. "Magharibi haijaadhiniwa. Tungoje."

"Tungoje nini, Baba Mkubwa? Ukoga huu wa kuondoka leo?"

Joha aliyatazama maji. Alijua jibu. Lilimuuma kuliko matusi yote ya asubuhi ile. Siku ya kuyajaza, Kibwana alikuwa amekaa pale ukingoni na mpira wa maji mkononi, anaimba ovyo, bwawa linajaa, na alikuwa amemwambia apike chai ya tangawizi kwa sababu anasikia baridi.

"Ulisema bwawa safi, shemeji," alisema mwishowe. "Hukusema liwe na maji."

Alikwenda kwenye pampu, akaiwasha, akaigeuza koki ambayo Kibwana alikuwa haigusi ila kwa lazima. Bomba la nje likakohoa, halafu likatapika. Maji ya kijani yakamwagika uani, yakatafuta mteremko, yakaelekea getini, chini ya kirikuu cha Shomari. Joha aliyaangalia yakienda mpaka macho yakamjaa. Kisha akachukua brashi, akashuka ngazi za bwawa na kaniki yake, hatua kwa hatua, mpaka maji yakamfika kifuani.

"Mwanangu, hujaoga," Bi Sikudhani alisema.

"Nitaoga nikimaliza, shangazi." Akawageukia wote. "Mlisema niliingia majini. Haya, sasa nimeingia."

Mzee Mshamu alivua kofia akaishika mkononi. Shomari alikimbilia gari, kwa sababu ardhi ya pale getini ikilowa haibebi tairi, na muda si muda ikasikika injini inalia na magurudumu yanazunguka mahali pamoja, yakirusha tope la kijani kwenye shati lake jeupe la kikao. Alipochomoka hakusimama. Begi la Yusrah lilikuwa ndani kwa Joha, na Yusrah mwenyewe alikuwa amesimama uani, na kaka yake hakugeuka kumtazama.

Maji yalishuka mpaka kiunoni, yakashuka mpaka magotini. Ile mistari miwili ya Kibwana ikaanza kuonekana chini ya ukoga. Joha alikuwa akisugua ukuta, na jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa mbugani.

"Wifi," alisema bila kuinua kichwa.

Yusrah alisogea ukingoni. Alikuwa akilia, na hakuna aliyemuuliza kama anajionyesha.

"Brashi ya pili iko nyuma ya pampu."

Yusrah alikwenda akaichukua. Alikunja dera lake lenye madoa, akashuka ngazi, akasimama kwenye utelezi, hajui aelekee wapi.

"Anzia kona yako," Joha alisema.